Namba Imekufa, Barua Pepe Imefungwa

Ndugu Mhariri,
Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, Kadutu, hapa Bukavu. Barua pepe yangu ya Gmail nilifunguliwa mwaka 2014 katika duka la intaneti, nilipokuwa nikijiandikisha chuo. Mwezi wa pili mwaka 2025, vita vilipoingia mjini, tulivuka Ruzizi tukakaa kwa jamaa zetu Kamembe karibu miezi saba, na muda wote huo nilitumia laini ya Rwanda. Niliporudi nilikuta laini yangu ya Kongo, ambayo sikuitilia hata unite moja, imekatwa. Muda si mrefu simu yenyewe nayo ikaibwa. Simu mpya inanidai neno la siri, nami nimelisahau. Nikiomba msaada, inaniambia itatuma namba za kuthibitisha kwenye ile laini iliyokufa. Nimejaribu zaidi ya mara ishirini kwa siku mbili, na sasa jibu ni moja tu, kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa akaunti ni yangu. Picha za vyeti vyangu, mitihani ya miaka mitano na barua za kuombea masomo vimo humo. Kuna kijana anayetaka dola 40 ili anifungulie. Je, nimpe?
Mwalimu, Kadutu

Mama Mwalimu, usimpe. Google haina wakala wa kufungua akaunti za watu binafsi, wala haishirikiani na mtu yeyote anayetoza fedha kwa kazi hiyo. Kijana huyo ama atafungua ukurasa uleule unaoweza kuufungua wewe bila malipo, ama atakuomba umsomee namba zitakazoingia kwenye simu yako, halafu akaunti iwe yake na dola 40 ziwe zimekwenda. Katika hali hizo mbili sijaona unachokinunua.

Kabla sijasema ufanye nini, ni vizuri uelewe unashindana na nani, kwa sababu watu wengi hudhani kuna afisa mahali fulani anayesoma maombi yao, na kwamba wakisisitiza sana atawaonea huruma. Hakuna afisa. Ni mashine inayolinganisha alama ulizoacha zamani na alama unazoonyesha sasa: simu au kompyuta uliyozoea kutumia, kivinjari ulichozoea (programu ya kufungulia kurasa za intaneti), mahali ulipokuwa ukiingilia, maneno ya siri uliyowahi kuwa nayo, namba na anwani ulizoweka. Haikujui kwa sura, na kadi yako ya mpiga kura haina mahali pa kuionyeshea. Mtu aliyeketi na simu mpya, laini mpya, akibahatisha maneno ya siri mara ishirini kwa siku mbili, mbele ya mashine hiyo anafanana na mwizi kuliko mwenye mali. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalokuomba ni uache kujaribu kwa siku mbili au tatu. Mlango haufungwi milele kwa sababu ya majaribio, lakini majaribio ya mfululizo huyafanya majibu yawe ya kukataa tu.

Siku hizo zitumie kutafuta. Jiulize kwanza kama kuna kifaa chochote ambamo akaunti hiyo bado iko wazi: kompyuta ya ofisi ya mkuu wa shule uliyoitumia kuchapa mitihani, simu ya zamani ya mume wako iliyopasuka kioo na kutupwa kabatini, kompyuta ya mwenzako aliyewahi kukusaidia kutuma barua. Simu ya zamani isiyo na laini inafaa kabisa, maana ikiunganishwa na intaneti kwa njia nyingine yoyote inaweza kuletewa swali la kukuuliza kama ni wewe unayejaribu kuingia, nawe ukajibu ndiyo. Katika kompyuta, fungua mipangilio ya kivinjari, sehemu ya maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima huku neno lao limelala hapo. Ukikipata kifaa cha namna hiyo, usijitoe kwenye akaunti, na usikubali fundi wa barabarani aisafishe simu kwa kisingizio cha kuiharakisha. Simu za Android zikifutwa kwa nguvu hudai akaunti ileile iliyokuwamo kabla hazijakubali kuwaka upya, na hapo utakuwa umefungiwa barua na simu pia.

Pili, fuatilia ile namba. Laini tunainunua kwa fedha zetu, lakini namba yenyewe tumepangishwa tu, na mpangaji asiyelipa kwa miezi mingi huondolewa, kisha chumba kikapewa mwingine. Nenda kwenye duka rasmi la kampuni yako ya simu, si kwa muuzaji wa mwavuli wa barabarani, ukiwa na kadi ya mpiga kura yenye jina lilelile uliloandikisha laini, uulize kama namba bado haijapewa mtu. Ikiwa bado ni huru, omba ikurudishwe kwenye kadi mpya, na habari yako inaweza kuishia hapo kwa siku moja. Ikiwa imepewa mtu mwingine, wapo waliompigia mtu huyo wakamwomba awasomee namba zitakazoingia. Sikukatazi, ila fahamu kwamba kwa wakati huo utakuwa unafanana kabisa na matapeli tunaowaonya watu kila siku, na yeye akikukatalia atakuwa amefanya vema. Ukiamua hivyo, mwendee uso kwa uso, pamoja na mtu anayewafahamu wote wawili, na ukishaingia ondoa namba hiyo saa ileile.

Tatu, kumbuka yule aliyekufungulia akaunti mwaka 2014. Katika maduka ya intaneti ya wakati huo ilikuwa kawaida mwenye duka kuweka namba yake mwenyewe au anwani yake kama njia ya kurejesha, kwa sababu mteja hakuwa na nyingine. Bofya maneno ya kujaribu njia nyingine, na uangalie kama mashine inakuonyesha mwanzo wa anwani usiyoitambua. Huenda anwani hiyo ni ya kaka yako au ya mwenye duka lile la intaneti, ambaye huenda sasa anauza simenti.

Sasa jaribio lenyewe. Fungua ukurasa wa g.co/recover, na uchague kwa makini utakapoketi. Hapa wewe una tatizo ambalo watu wanaokaa mbali na mpaka hawalijui. Minara ya Rwanda inafika hadi upande wetu, na wengi wenu mna laini mbili ndani ya simu moja. Ukiketi Kadutu ukatumia mega za laini ya Rwanda, kwa macho ya mashine uko Rwanda, kwa sababu anwani ya intaneti unayopewa na laini ndiyo inayotaja nchi, wala si kiti ulichokalia. Tena alama zako zipo pande mbili: za miaka mingi ziko Bukavu, za mwisho kabisa ziko Kamembe. Mimi ningeanza na kompyuta ya shule, kwa intaneti ya shule, kwa kivinjari kilekile ulichokuwa ukitumia. Pakishindikana, subiri siku chache, kisha siku utakayovuka kuwasalimu jamaa jaribu nyumbani kwao, kwa intaneti ileile uliyoitumia miezi saba. Usichanganye pande hizo mbili ndani ya saa moja. Na kama simu yako ina programu ya VPN, ile inayoficha mahali ulipo, kama zilivyo simu nyingi za huku tangu mitandao ilipoanza kuzimwazimwa, izime kabla hujaanza. Vinginevyo mashine itakuona Uholanzi au Singapore na itakukatalia papo hapo.

Ukiulizwa, jibu kila swali. Kubahatisha ni bora kuliko kuruka, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halikutoi kwenye utaratibu. Ukidaiwa neno la siri la mwisho unalolikumbuka, andika la karibuni kadiri uwezavyo, hata kama ulilibadilisha baadaye, ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Utakapoombwa anwani ya kuwasiliana nawe, toa ambayo unaweza kuifungua leo, na kila siku uangalie hata kwenye kasha la barua taka, kwa sababu jibu linaweza kuja baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, na mara nyingine barua hiyo hutupwa huko. 

Sitakuficha kwamba akaunti nyingine hazirudi. Wakati unasubiri, waandikie chuo na wale uliowaomba masomo kuwajulisha anwani mpya, na uwaulize uliowahi kuwatumia vyeti kama bado wanazo nakala. Hilo halihitaji kungoja mashine. Usikae mno bila kujaribu tena, kwani tangu mwisho wa mwaka 2023 Google inaruhusiwa kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2.

Ukifanikiwa kuingia, kazi ya kwanza ni kubadilisha neno la siri, ya pili ni kuitoa ile simu iliyoibwa kwenye orodha ya vifaa, ya tatu ni kuweka laini unayoitumia sasa na anwani ya pili ya mtu unayemwamini. Kisha fanya jambo ambalo kwa hali ya mji wetu ninalithamini kuliko mengine yote: washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuingia kwa neno la siri pamoja na uthibitisho wa pili, na utengeneze misimbo ya akiba, namba za kutumia pale uthibitisho wa pili unapokosekana. Utapewa misimbo 10, kila mmoja una tarakimu 8 na unatumika mara moja tu. Inakaa kwenye karatasi, kwa hiyo haihitaji laini, mtandao wala umeme, na inavuka mpaka bila kukatwa. Nakili kwa mkono au chapisha, nakala moja uiweke pamoja na vyeti vya ndoa na vya watoto, nyingine umwachie ndugu anayekaa mji mwingine. Ukitengeneza misimbo mipya, ile ya zamani hufa yote, basi uichane usije ukaitegemea. Unaweza pia kutumia programu inayotoa tarakimu 6 mpya kila baada ya sekunde 30 ndani ya simu yenyewe. Nayo haihitaji mtandao, ila saa ya simu iwe sahihi. Lakini simu ikiibwa, programu nayo imekwenda. Karatasi ndiyo iliyobaki nyumbani.


Kaka Mhariri,
Niko Goma, mtaa wa Himbi, nimemaliza chuo na ninatafuta kazi. Siku tatu zilizopita mtu aliniandikia WhatsApp akisema ofisi yao inaajiri, na kwamba nitatumiwa namba ili jina langu liingie kwenye orodha ya usaili. Nilimsomea. Tangu siku hiyo neno langu la siri la Gmail linakataliwa, na namba ya simu inayoonyeshwa si yangu. Je, nimechelewa?
Kijana wa Himbi

Mdogo wangu, hujachelewa, lakini saa zako zinahesabika. Mtu akibadilisha namba au anwani ya kurejesha akaunti, Google humpa mwenye akaunti siku 7 ambazo bado anaweza kutumia namba na anwani za zamani. Umebakiwa na nne. Leo hii, ukiwa na simu yako ileile, na laini yako ileile, mahali unapolala kila siku, ingia kwenye ukurasa wa kurejesha akaunti niliomtajia Mama Mwalimu hapo juu. Mashine ikikuonyesha namba ya huyo mwizi, bofya kujaribu njia nyingine mpaka ifikie yako. Tazama pia kama simu yako bado inafungua kasha la barua bila kuuliza kitu. Ikiwa inafungua, usiizime, na usijitoe.

Ujumbe uliomsomea, ukiutazama tena, utaona unaanza na herufi G na kistari, kisha tarakimu 6, na jina la Google limo. Ofisi ya ajira haina sababu yoyote ya kutumia namba ya Google kukuandika kwenye orodha. Sikusemi kwa kukukaripia. Katika mji ambao kazi zimeadimika kiasi hiki, mtu akisikia neno usaili macho yake hayasomi herufi ndogo, na matapeli wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Ukisharudi ndani, wengi hubadilisha neno la siri wakadhani yamekwisha. Hayajaisha. Ingia kwenye mipangilio ya Gmail, kwanza sehemu ya kusambaza barua kwenda anwani nyingine, kisha sehemu ya vichujio. Mwizi mwenye akili huacha hapo agizo dogo, kwa mfano kwamba kila barua yenye neno benki au Facebook ipelekwe kwake na ifichwe usiione. Unaweza kukaa mwaka mzima ukiwa na neno jipya la siri, naye akisoma barua zako akiwa amestarehe. Futa kila agizo usilolikumbuka. Angalia orodha ya vifaa na utoe vyote isipokuwa vyako, uangalie pia programu zilizopewa ruhusa ya kuingia kwenye akaunti. Halafu ubadilishe maneno ya siri ya Facebook na ya kila mahali ulipojiandikisha kwa anwani hiyo, maana aliyekuwa na barua pepe yako aliweza kuomba maneno mapya ya huko kote.

Wajulishe watu pia, hasa wazazi na wale walioko nje ya nchi. Kwa kawaida hatua inayofuata ya matapeli wa aina hii ni kuwaandikia ndugu kwa jina lako kwamba umelazwa na kwamba fedha zitumwe kwa namba fulani ya simu. Simu moja kwa shangazi leo itaokoa mengi kuliko maelezo ya wiki ijayo.


Mhariri,
Mimi ni mstaafu, nakaa Katuba, Lubumbashi. Barua pepe yangu ya Outlook ilifunguliwa na mjukuu wangu ambaye sasa anafanya kazi Kolwezi, na namba iliyowekwa ni yake. Nilifungiwa mara mbili mwaka huu kwa kusahau neno la siri. Nataka kuliandika kwenye daftari, lakini vijana wa hapa wananicheka kwamba ni kosa kubwa. Nisikie nani?
Mzee wa Katuba

Baba, andika. Waache vijana wacheke. Mwizi wa intaneti hawezi kufika Katuba kupekua daftari lako, na anayeweza kufika Katuba huja kutafuta redio na betri ya sola. Neno la siri refu lililo kwenye daftari ndani ya sanduku ni salama kuliko neno fupi la jina la mke na mwaka wa kuzaliwa lililo kichwani. Ila usiandike pembeni yake neno Outlook na anwani yako nzima. Weka alama unayoielewa wewe na bibi.

Katika ukurasa huo huo andika msimbo wa kurejesha. Microsoft, kampuni yenye Outlook, hukutengenezea mmoja wenye herufi na tarakimu 25 ukiingia kwenye sehemu ya usalama ya akaunti. Ukiwa nao huo, hata laini zote zikifa, unaweza kurudi. Asiyeuona umuhimu wake ajue kwamba akaunti ikishawashiwa uthibitisho wa hatua mbili, ile fomu ya kujieleza kwa Microsoft haikubaliwi tena, na aliyepoteza njia zote hana pa kupitia.

Kuhusu namba ya mjukuu, ishughulikie wakati bado anayo mkononi. Mpigie Kolwezi siku asiyo kazini, uingie kwenye akaunti yako, yeye akusomee namba atakayotumiwa, kisha uongeze laini yako mwenyewe na, ukihakikisha inapokea ujumbe, uiondoe ya kwake. Hilo ni jambo la dakika kumi. Akibadilisha laini kabla hamjalifanya, itabidi kuondoa taarifa zote za zamani na kuweka mpya, na Microsoft itakungojesha siku 30 kabla mpya hizo hazijakubaliwa.